Karai la Msiba

Yule daktari wa mtandaoni sikuwahi kuiona miguu yake. Nilimjua kuanzia kifuani kwenda juu: shati lililopigwa pasi, miwani, na nyuma yake kabati la vitabu vilivyopangwa kwa urefu, vyote vipya, vyote vimesimama wima. Alikuwa akitabasamu kabla hata hajasikia swali. Miezi ile ya korona alinifundisha, kupitia simu yangu yenye kioo kilichopasuka pembeni, namna ya kuishi bila kugusana na watu, na sijamsamehe. Wala sitegemei kumsamehe. Naandika haya nikiwa na akili zangu timamu na hasira zangu zote.

Wakati huo nilikuwa na duka la dawa pale Dutwa, kwenye mstari wa maduka yanayotazama barabara ya lami. Duka lenyewe lilitokana na soko huria. Baba alilima pamba miaka mingi akiuzia ushirika, na ushirika ulipolegea wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao. Msimu mmoja bei ikawa nzuri, akauza, akanipeleka kusomea mambo ya dawa. Tulikuwa tumeshazoea kwamba kila kitu kina mwenye kukiuza. Mbegu, dawa, shule, maji ya chupa, na mwishowe hata mtandao, unaoununua asubuhi kwa kifurushi na jioni hujui umekwenda wapi. Kwa hiyo shirika moja lilipotangaza darasa la bure, nilipaswa kushtuka. Jina la shirika silitaji, kwa sababu halistahili tangazo kutoka kwangu.

Walitafuta wenye maduka ya dawa wa vijijini ili tuwe "waelimishaji jamii kwa njia ya mtandao". Darasa lilikuwa bure na kifurushi cha kulisikilizia kilikuwa changu. Nilikaa nyuma ya kaunta juu ya kreti ya soda, mteja akiingia namwonyesha kidole asubiri, nikatazama picha walizotuletea. Familia moja imeketi mezani, bakuli la matunda katikati, bomba linatiririka ukutani. Mgonjwa akae chumba chake, alitufundisha daktari, atumie choo chake na taulo lake. Nilitafuta kwenye picha ile mahali ambapo mtu wa kwetu Meatu angeweza kuketi, nikakosa.

Lakini niseme mapema ili nisieleweke vibaya: ugonjwa ulikuwa wa kweli. Sina uvumilivu na wanaoniambia leo kwamba yalikuwa maneno tu. Niliwaona waliokuja dukani wakipumua kwa mabega, wanaomba dawa ya kifua kwa sauti isiyofika mbali, na nilijua nilichokuwa nakiona. Ndiyo maana nilisikiliza. Kilichoniudhi si kwamba daktari alidanganya. Aliyoyasema yalikuwa kweli tupu, na kweli ile ilitengenezwa kwa ajili ya nyumba yenye bomba.

Kazi yetu ilikuwa kurekodi ujumbe wa sauti kwa lugha ya nyumbani na kuusambaza. Mimi wangu ulikuwa wa Kisukuma, na nilijipenda nilivyosikika. Niliwatumia wateja, ndugu, wanakwaya wenzangu. Na nilimtumia mama.

Mama alikuwa akiishi Meatu, upande wa Kimali, kwenye kaya aliyoachiwa na baba, yeye na ng'ombe wachache na mashamba ya mtama. Si mtu mpole, mama yangu. Ukimsalimia ovyo anakurudisha nje uanze upya. Umri ulikuwa umemwendea, mgongo umepinda, na macho yake yalikuwa mekundu. Yalikuwa mekundu tangu mimi mdogo, kwa sababu ya moshi wa mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Niliwahi kumpelekea dawa ya matone. Alimtilia ndama.

Mtu wa kwetu haelezwi bibi mwenye macho mekundu anavyotazamwa. Kwa wa mbali nitasema tu kwamba kuna vikongwe waliokatwa mapanga wakiitwa wachawi kwa ajili ya rangi ya macho yao, na waliowakata walikuwa watu waliozoea kuwasalimia kila asubuhi. Mama aliishi na jambo hilo kama anavyoishi mtu na mbwa mkali wa jirani. Alijua aitembelee kaya ipi, amsifie mtoto wa nani na asimsifie wa nani, na msibani awahi kufika kuliko wote.

Simu ya kupokea sauti hakuwa nayo. Pale kijijini mwenye simu kubwa alikuwa mwenye mashine ya kusaga, mwanamume mchangamfu ambaye alikuwa na spika kubwa kuliko mashine yenyewe. Aliwapigia nyimbo wanawake waliopanga foleni na madebe yao ili wasichoke kusubiri. Nilimwomba awe anamsikilizisha mama ujumbe wangu, akakubali bila kinyongo.

Sasa nieleze lile karai. Upande wa mama, watu wakitoka makaburini hawaingii kwenye kaya ya msiba na udongo mikononi. Wanakuta karai la maji limewekwa uwanjani, na kila aliyekwenda kuzika, mkubwa kwa mdogo, anatumbukiza mikono humo humo. Maji yanageuka tope na watu wanaendelea kunawa, maana hawatafuti usafi pale. Ukinawa na wenzako umewaambia kwamba mkono wako hauna neno na kifo kile.

Daktari alipofika kwenye somo la misiba, alisema vyombo vya kunawia vya pamoja ni hatari kubwa. Nikamkumbuka mama na karai, nikaingiwa na hofu ya kweli, nikafunga mlango wa duka nikarekodi. Maneno nayakumbuka kwa sababu baadaye nilirudishiwa na kila mtu. "Mayu, mwadila. Ni mimi, mwanao wa Dutwa. Ukienda msibani, usiingize mkono kwenye karai la wote. Nasema usiingize kabisa. Beba maji yako na sabuni yako, unawe pembeni. Mimi najua ninachokuambia."

Nikatuma. Nikafungua duka.

Haukupita muda, akafa mume wa jirani yetu. Jirani huyu alikuwa mwanamke wa rika la kati ya mama na mimi, kaya yake inatazamana na yetu, na utotoni nilikula ugali kwake kama kwetu. Mama alikwenda mapema na mzigo wa kuni kichwani. Alilia na waliolia. Waliporudi kutoka kuzika, karai likiwa uwanjani, mama akasogea pembeni, akafungua kidumu chake, akatoa kipande cha sabuni kwenye pindo la kanga, akanawa kama nilivyomwelekeza, kidole kwa kidole hadi kwenye viwiko, watu wote wakimtazama. Mama alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote niliopata kuwafundisha.

Baadaye kidogo, kwenye kaya ile ile, akafa shemeji wa yule jirani. Safari hii mama hakwenda kabisa. Nilikuwa nimetuma somo jingine la kuepuka mikusanyiko, likisema rambirambi zinaweza kutumwa kwa simu. Akampa mwenye mashine rambirambi azipeleke. Kwetu Meatu, mtu wa kaya inayotazamana na ya msiba, mzima wa afya, anatuma rambirambi!

Mwenye mashine ndiye aliyenipigia.

"Dada, mwadila."

"Mwadila, kaka. Mhola?"

"Mhola kidogo tu. Dada, huku mama hasalimiwi."

Nikamuuliza hasalimiwi na nani, akasema na watu. Alikuja kusaga, wanawake wakatoa madebe yao kwenye foleni. Hakuna aliyekubali kusaga baada yake, mashine ikakaa bure hadi jioni. Kisimani, kwenye mchanga wa mto, akifika, wenzake wanafunika ndoo. Nikamuuliza wanasema nini.

"Wanasema alinawa pembeni kwa sababu anajua kilichokuwa kwenye karai. Wanasema binti yake ana duka la dawa, na alimwambia mwenyewe asiingize mkono. Kwamba unajua unachomwambia."

"Wao wamejuaje nilichomwambia? Ule ujumbe si ulikuwa wa mama?"

"Niliupiga hapa mashineni, mama mwenyewe akiwa amekaa na debe lake."

"Kwenye spika?"

"Dada," akasema, kwa mshangao wa mtu asiyeliona kosa lake, "mimi kila kitu napiga kwenye spika."

Nilimtukana. Nilipomaliza akasema kwa sauti ya chini, "Njoo, dada. Mama ajiangalie." Kwa mtu wa kwetu maneno hayo yanatosha. Nilikata simu nikafunga duka mchana kweupe, mteja akiwa na noti mkononi.

Nilipanda basi hadi Bariadi, jingine hadi Mwanhuzi, kutoka hapo bodaboda. Njia nzima nilikuwa nimevaa barakoa peke yangu, na watu walinitazama kama mtu aliyekuja na harufu. Mwendesha bodaboda alikuwa na maneno mengi hadi nilipomtajia kaya ninayokwenda. Baada ya hapo aliongeza mwendo, na alinishusha kwenye njia panda badala ya kunifikisha uani.

Mama nilimkuta anachambua mtama. Nilipiga goti nikamsalimia, akaitikia, akaniuliza nimekula. Kaya ilikuwa kimya namna ambayo sikuizoea. Kwa kawaida saa kama ile kungekuwa na mtu amekuja kuomba moto, au chumvi, au kuomba tu kuketi. Nilimwambia afunge mizigo, tunakwenda Dutwa.

"Siendi."

"Mayu, watu hawa watakuua."

"Nikiondoka leo, kesho watasema nimekimbia. Nyumba wataichoma. Ng'ombe watagawana. Baba yako kalala pale nyuma, nimwachie nani?" Akapepeta ungo, pumba zikaruka. "Halafu huko Dutwa nitakaa wapi, kwenye kaunta?"

Nikaenda kwa jirani. Nilikusudia kuongea vizuri. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu kwenye basi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, nguo za msiba mwilini, na hakunipa kigoda changu. Yeye aliyekuwa akinifuta makamasi.

"Karibu, mwalimu wa kunawa," akasema.

Nilimwambia nimekuja kumpa pole. Nikamweleza kuhusu ugonjwa, unavyosambaa, kwa nini nilimwambia mama vile, kwamba ningemwambia hata yeye kama angekuwa na simu. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Kama kwenye karai kulikuwa na ugonjwa, na wewe ulijua, mbona ulimwambia mama yako peke yake?"

Nilisema nilituma kwa wengi. Akasema yeye si mwingi, yeye ni jirani. Nikasema ujumbe ulisikika mashineni na kila mtu. Akasema ndiyo, ulisikika, ulianza na "mayu" na ulikuwa wa mama yako. Kila nililosema alikuwa ameshalizibia njia. Nilitamani kumpiga kofi.

"Mume wangu kafa. Shemeji yangu kafa. Mama yako mzima," akasema. "Vijana wameanza kuongea. Mimi midomo ya vijana siwezi kuishika. Wala mikono yao."

Alisema hivyo akinitazama machoni, mwanamke niliyekula kwake, na wala hakuinua sauti. Nimekutana na watu wakali maishani, wezi wamewahi kunivunjia duka, lakini sijawahi kumwogopa mtu kama nilivyomwogopa yule pale kwenye kigoda chake.

Mtandao, kwa mama, unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya zizi. Siku iliyofuata ilikuwa ya darasa. Nikapanda na simu yangu, nikasimama juu ya mchwa, nikajiunga. Mada ya siku ile, sitanii, ilikuwa kupambana na habari potofu. Daktari alikuwa mbele ya vitabu vyake. Alisema uvumi unashindwa kwa taarifa sahihi zinazotolewa kwa wakati. Nilinyoosha ule mkono wa kwenye simu, nikausubiri uonekane, jua likinipiga utosini na ng'ombe wa mama wakinitazama.

Wakanifungulia sauti. Nikaeleza yote, kwa kifupi na kwa adabu: karai, ujumbe, spika, macho ya mama. Nikauliza: sasa nifanye nini?

Alitabasamu. "Asante sana mshiriki wetu kutoka Simiyu, swali zuri sana, linatuonyesha hali halisi kule chini. Ningeshauri mama apewe nafasi ya kutoa elimu kwa majirani. Yeye mwenyewe awe balozi wa mabadiliko. Muda ukituruhusu tutalirudia."

Muda haukuruhusu. Vikaanza kupanda kwenye kioo vile vijipicha vya makofi, washiriki wakinipongeza. Kisha mratibu akaandika kwamba kisa changu kinagusa, na kama ningeweza kumtumia picha ya mama akinawa mikono, ya kutosha kuchapishwa, wangeitumia kwenye ripoti. Nilimjibu neno moja ambalo siwezi kuliandika hapa, nikashuka kwenye kichuguu. Nadhani hawakulielewa, lilikuwa la Kisukuma.

Wakati huo bado nilikuwa na matumaini ya kijinga kwamba mambo yangepoa. Yangeweza kupoa kama kusingetokea msiba mwingine. Ukatokea. Kikongwe mmoja wa kaya za mbele alifariki, mtu mzima aliyeshiba siku zake, na vilio vikafika kwetu asubuhi kabla ya chai. Na asubuhi hiyo hiyo mama aliamka anachemka. Nilimshika shingoni nikaondoa mkono. Alikuwa na kikohozi kikavu, kile kile nilichokuwa nikikisikia mbele ya kaunta yangu, na akivuta pumzi mabega yanapanda.

Nilijua. Sikuhitaji kipimo. Nilikuwa nimesoma somo zima la mgonjwa wa nyumbani, ningeweza kulitamka kwa moyo: asitoke, asikaribiane na watu, asiguse chombo cha wote.

"Nipe kanga," mama akasema.

"Mayu, una homa. Huu ndio ugonjwa wenyewe. Utawaambukiza watu."

"Nisipokwenda watanizika mimi." Alikuwa ameketi kitandani, miguu inatafuta kandambili. "Hiyo homa yako inaua wangapi? Wale vijana kule wanaua mmoja tu, na wanamjua."

Nilisimama pale mlangoni, na kila nilichofundishwa kilikuwa upande mmoja, na upande mwingine alikuwa mama yangu anatafuta kandambili. Sikufikiri kwa muda mrefu. Nilifungua begi langu nikampa dawa ya kushusha homa, kisha nikampa ya kutuliza kikohozi, kipimo cha kutosha asikohoe mbele za watu. Nikamwambia akohoe yote njiani, ayamalize. Nikavua barakoa nikaiacha juu ya kitanda. Nikabeba kuni mimi, yeye akabeba unga, tukaenda.

Msiniangalie hivyo. Mnaosoma haya mkiwa na mabomba yenu, mngempeleka.

Tulifika uwanjani. Wanawake walikuwa wameketi chini wamenyoosha miguu, na hakuna aliyesogea kutupa nafasi. Tukakaa pembeni, kwenye jua. Mama alilia pale inapopaswa kulia, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa ugonjwa hata nikaona wengine wanageuka kumtazama. Nilikuwa nimemshika mkono, nahisi moto wake kwenye kiganja changu. Kule makaburini alirusha udongo. Tukarudi.

Karai lilikuwa pale. Watu walinawa, wakapita, wakanawa, wakapita, na mama alipokaribia wote waliokuwa wakipita wakasimama. Jirani alikuwa upande wa pili wa karai, mikono yake bado na udongo. Vijana fulani walikuwa wameegemea baiskeli zao karibu na boma, na nao wakaacha kuongea.

Mama aliinama. Alitumbukiza mikono hadi juu ya vifundo akaifikicha polepole, akachota yale maji kwa viganja akajipaka usoni, kwenye macho yake yale yale, mara ya kwanza na mara ya pili. Kisha akainuka, uso unachuruzika tope, akamtazama jirani. Jirani hakunawa. Alimtazama mama, na mimi nikamtazama yeye, na nakumbuka nilikuwa nikimwomba Mungu kitu ambacho mtu mwenye cheti cha elimu ya afya hapaswi kukiomba: kwamba yule mwanamke aingize mikono yake kwenye maji aliyonawia mgonjwa.

Akaingiza.

Nikanawa na mimi. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Ndipo dawa ikamwishia mama, au labda ni kule kuinama. Kikohozi kikamtoka kikamkunja, akashika magoti. Jirani ndiye aliyemfikia kwanza. Alimpigapiga mgongoni, akamkumbatia kwa mkono mmoja, akamfuta mdomo kwa pindo la kanga yake mwenyewe.

"Mbona mama mgonjwa hivi?" akanigeukia mimi, tena kwa ukali. "Una duka zima la dawa, halafu unamwacha mama yako anakohoa namna hii? Wewe ni mtoto wa aina gani?"

Wengine wakaguna kukubaliana naye. Nilikuwa mwanamke mbaya, binti wa mjini asiyejali, na mama alikuwa mwenzao tena. Vijana walirudia mazungumzo yao. Nilisimama pale nikikaripiwa, na nafuu niliyoisikia iliniuma kuliko matusi.

Mnataka kuniuliza kama kuna aliyeugua kwa ajili ya siku ile. Niulizeni, sitawajibu. Watu waliugua kabla na waliugua baada, na hakuna aliyepimwa.

Walitusindikiza nyumbani, mchana ule ule. Jirani mbele, wengine nyuma, mmoja na kuni, mwingine na maziwa ya mgando, mwingine na mtoto mgongoni. Mama walimlaza. Wote wakaingia katika chumba kile kidogo, wakaketi kitandani, sakafuni, mlangoni, bega kwa bega, wakafunga lile tundu la dirisha kwa gunia ili mgonjwa asipigwe upepo. Wakaanza kumkanda. Wakamwongelesha wote kwa pamoja. Mama alikuwa ameegemea kifua cha jirani, anakoroma kwa pumzi, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu nifike.

Mimi nilikuwa nimeokota barakoa yangu nikaivaa, nimesimama mlangoni na sufuria la uji. Sikuweza kuingia. Kila mwanamke mle ndani nilimjua, na kila mmoja alikuwa amefunika ndoo yake mama alipofika kisimani. Wangekuja hivi hivi kulia juu ya jeneza lake, na kuni hizi hizi, na wangenipa pole.

"Ng'wanone, mwanangu," mama akaniita. "Vua hicho kitambaa. Wageni wanataka kuuona uso wako."

Wakanigeukia wote, wakitabasamu. Jirani akasogea akanipigia kiganja mahali pa kukaa, karibu yake. Nikavua. Nikaingia, nikaketi katikati yao, nikapokea kikombe kilichokuwa kikizunguka nikanywa mahali walipokunywa wao, nikacheka walipocheka, na niliwachukia mmoja mmoja.